Hubert Humphrey, Makamu Aliyenyamaza

Msikilizaji, mwezi Februari mwaka 1965 makamu wa rais wa Marekani alimwandikia rais wake waraka wa siri. Hata mwezi mmoja ulikuwa haujatimia tangu aapishwe. Katika waraka huo alimweleza mkubwa wake, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, kwamba vita vya Vietnam visipanuliwe. Alisema wananchi hawataelewa kwa nini vijana wao wanapelekwa kufia huko. Alisema pia kwamba serikali imetoka kushinda uchaguzi kwa kishindo, na kwa hiyo mwaka huo ndio mwaka wa kutafuta njia ya kutoka, kwa sababu kila mwaka utakaofuata utakuwa mgumu zaidi.

Alikuwa sahihi karibu katika kila jambo. Kisha akanyamaza.

Jioni hii nataka tumzungumzie mtu huyo, Hubert Horatio Humphrey. Nimemchagua yeye kwa sababu kati ya wanasiasa wa Marekani wa karne iliyopita sijui mwingine ambaye maisha yake yote yalijengwa juu ya kusema, na ambaye aliangushwa na miaka michache ya kutosema.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1911 katika kijiji cha Wallace, jimbo la South Dakota, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa la baba yake. South Dakota ni nchi ya tambarare, ngano na mahindi mpaka upeo wa macho, na majira ya baridi yasiyo na huruma. Mama yake, Christine, alikuwa mzaliwa wa Norway. Baba, ambaye mtoto alirithi jina lake, alikuwa mtu wa vitabu na mabishano, mfuasi wa chama cha Democratic katika mji wa Doland uliojaa wafuasi wa Republican. Huko Doland ndiko familia ilikohamia na ndiko Hubert alikokulia. Wakulima waliingia dukani kununua dawa zao na za mifugo yao, wakabaki kubishana siasa, na kijana akisikiliza nyuma ya meza ya duka. Shule yake ya kwanza ya siasa ilikuwa hiyo.

Kisha benki za Doland zikafilisika, moja baada ya nyingine, hata kabla mdororo mkubwa wa uchumi haujaikumba dunia. Humphrey alisimulia mpaka uzeeni jinsi alivyorudi kutoka shule siku moja akawakuta wazazi wake wamesimama chini ya mti, mama akilia. Baba alikuwa anauza nyumba yao ili alipe madeni. Ninapotafuta chanzo cha mambo aliyoyapigania baadaye, bima ya matibabu kwa wazee, ajira, chakula kwa wenye njaa, narudi kila mara chini ya mti ule. Mtu aliyewaona wazazi wake wachapakazi wakinyang'anywa nyumba bila kosa lao haamini tena kwamba umaskini ni adhabu ya uvivu.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1929, lakini fedha zikakatika akalazimika kurudi nyumbani. Alikwenda Denver, akasoma ufamasia kwa kozi ya miezi sita ya kukesha, akarudi kuuza dawa na baba yake katika mji wa Huron. Miaka hiyo ilikuwa ya ukame na dhoruba za vumbi zilizofunika jua mchana. Mwaka 1936 alimwoa Muriel Buck, binti wa mjini hapo, na mwaka uliofuata wote wawili wakafunga mizigo warudi chuoni. Alihitimu mwaka 1939, akiwa na miaka 28. Kwa shahada ya pili alikwenda Louisiana, kusini kabisa, na huko ndiko alikouona ubaguzi kwa macho yake: bomba la maji la weupe na bomba la weusi, mlango wa mbele wa hawa na mlango wa nyuma wa wale. Kijana wa tambarare za kaskazini, aliyekulia mahali ambapo watu weusi walikuwa wa kuhesabika, hakuyasahau.

Mwaka 1945 alichaguliwa meya wa Minneapolis. Alikuwa na miaka 34. Mji huo wakati ule ulikuwa na sifa mbaya nchi nzima kwa namna ulivyowatenga Wayahudi. Hata vilabu vya watu wenye magari viliwakataa. Meya Humphrey alisafisha polisi, akaunda kamati ya mahusiano ya jamii, na mwaka 1947 baraza la mji likapitisha sheria iliyokataza ubaguzi katika ajira, sheria yenye meno, ya mwanzo kabisa ya aina yake kwa mji wa Marekani.

Sasa twende Philadelphia, Julai 1948, maana hapo ndipo alipozaliwa Humphrey tunayemjua.

Chama cha Democratic kilikuwa kwenye mkutano wake mkuu, ndani ya ukumbi wenye joto la tanuri. Rais Truman alionekana mtu aliyekwisha kushindwa. Viongozi wa chama walitaka ilani iseme maneno laini tu kuhusu haki za watu weusi, ili wajumbe wa majimbo ya kusini wasiondoke. Humphrey na wenzake wachache walitaka ilani itamke wazi: haki ya usalama wa mtu, haki ya kupiga kura, haki ya kazi, usawa jeshini. Wakubwa wa chama walimwonya kwamba anajimaliza. Yeye mwenyewe alikuwa anagombea Seneti mwaka huohuo. Alisitasita mpaka usiku wa manane ukapita, ndipo akaamua.

Hotuba yake ya Julai 14 haikufika dakika 10. Kwa Humphrey hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa alijulikana kwa hotuba zisizokwisha. Inasimuliwa kwamba Muriel alikuwa akimkumbusha kuwa hotuba si lazima iwe ya milele ndipo ikumbukwe milele. Siku hiyo alisema kwamba wanaodai Marekani inaharakisha mno haki za kiraia wajue imechelewa kwa miaka 172. Akakitaka chama kitoke kwenye kivuli cha haki za majimbo, kiingie kwenye jua la haki za binadamu. Kura zikapigwa: 651 na nusu wakamuunga mkono, 582 na nusu wakakataa. Ujumbe wa Mississippi na nusu ya ule wa Alabama wakasimama, wakatoka ukumbini. Watu wa kusini wakamsimamisha Strom Thurmond kuwa mgombea wao wa urais. Siku 12 baada ya hotuba ile, Truman alitia sahihi amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi, na Novemba akashinda uchaguzi uliodhaniwa ameshaupoteza. Humphrey naye akachaguliwa seneta wa Minnesota.

Msikilizaji, zingatia jambo moja hapo. Aliambiwa akisema ataanguka. Akasema, akapanda.

Seneti haikumpokea vizuri. Maseneta wa kusini, ambao ndio walioshika kamati kubwa, walimpa kisogo. Siku moja alimsikia mmoja wao akishangaa, kwa sauti ya kusudi ili imfikie, inakuwaje watu wa Minnesota wamtume mpumbavu kama yule. Maneno hayo yalimuuma kwa miaka. Aliyemwonyesha njia ya kukubalika alikuwa seneta wa Texas, mrefu, mjanja, mwenye mikono mikubwa ya kumshika mtu begani: Lyndon Johnson. Humphrey alijifunza kwa Johnson namna ya kupatana na wapinzani, na kuanzia hapo mambo ya wanaume hawa wawili yakafungamana, kwa heri na kwa shari.

Alileta miswada mingi. Mwaka 1949 alikuwa tayari anataka bima ya matibabu kwa wazee, jambo lililokuja kuwa sheria mwaka 1965. Alikuwa wa mwanzo kupeleka muswada wa kikosi cha vijana wa kujitolea kwenda nchi za nje, ambacho Rais Kennedy alikuja kukianzisha kwa jina la Peace Corps. Walimu wengi wa kikosi hicho walifundisha katika shule zetu za sekondari. Alikuwa pia mtetezi mkubwa wa sheria ya mwaka 1954 iliyoruhusu nafaka ya ziada ya wakulima wa Marekani kuuzwa kwa masharti nafuu au kugawiwa ng'ambo. Hilo tunalijua hapa. Wazee wa Kenya wanayakumbuka mahindi ya manjano ya miaka ya njaa, na wa Tanzania wanaukumbuka unga wake, walioubatiza unga wa Yanga kwa rangi ya jezi ya klabu. Uliwashibisha watu, sitaki kuwakosea shukrani. Lakini Humphrey huyuhuyu, mwaka 1957, alisema mbele ya kamati ya Seneti kwamba ukitaka watu wakutegemee na washirikiane nawe, basi kuwafanya wakutegemee kwa chakula ni njia nzuri sana. Maneno hayo yanachoma, na mtu anayempenda Humphrey, kama mimi, hana ruhusa ya kuyaruka.

Mwaka 1960 aligombea urais, John Kennedy akamshinda kwa fedha na haiba huko Wisconsin na West Virginia. Akarudi Seneti, na huko, mwaka 1964, alifanya kazi kubwa kuliko zote za maisha yake.

Muswada wa Haki za Kiraia ulikataza ubaguzi hotelini, mikahawani, kazini, na popote fedha za serikali kuu zinapotumika. Wapinzani wake hawakuwa na kura za kutosha kuushinda, ila walikuwa na silaha ya zamani ya Seneti: kuzungumza bila kukoma ili kura isipigwe. Kuwanyamazisha kulihitaji theluthi mbili ya maseneta, na kwa muswada wa haki za kiraia jambo hilo halikuwahi kufanikiwa. Johnson, ambaye sasa alikuwa rais baada ya kuuawa kwa Kennedy, alimkabidhi Humphrey kazi ya kuuvusha.

Nimesoma namna alivyoifanya na nimestaajabu. Aliwagawa maseneta wake kwa zamu, mchana na usiku, ili akidi isikose hata mara moja. Hakumtukana mpinzani. Wengine walipodai kwamba muswada utalazimisha waajiri kuajiri kwa hesabu ya rangi, aliahidi kwamba wakimwonyesha kifungu hicho ataanza kuzila kurasa za muswada, moja baada ya nyingine. Na alimtafuta Everett Dirksen, kiongozi wa Republican, kila siku, akaenda ofisini kwake badala ya kumwita, akampa sifa zote mbele ya waandishi. Alijua kwamba bila Dirksen hana hesabu, na hakuona haya kumwachia mwenzake jukwaa.

Upinzani ulidumu siku 60 za kazi. Asubuhi ya tarehe 10 Juni, seneta Robert Byrd alimaliza hotuba ya saa 14. Kisha karani akaanza kuita majina. Seneta Clair Engle wa California alikuwa na uvimbe kwenye ubongo na hakuweza tena kusema. Aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, na jina lake lilipoitwa aliinua mkono akagusa jicho lake, kwa kuwa kwa Kiingereza neno la jicho na neno la kukubali hutamkwa sawa. Kura 71 dhidi ya 29. Wiki iliyofuata, katikati ya vikao vya mwisho, Humphrey alipata habari kwamba mwanawe Robert ana saratani. Alilia, akarudi ukumbini. Muswada ulipita tarehe 19 Juni, kura 73 kwa 27. Robert alipona.

Baada ya hapo nani angeshangaa Johnson kumchagua Humphrey awe mgombea mwenza? Lakini kabla ya kumteua alimwekea sharti. Alimwambia kwamba umakamu ni kama ndoa isiyo na talaka, na kwamba anataka utii usioyumba. Humphrey alikubali. Nafikiri alidhani anajua anachokubali.

Katiba ya Marekani inampa makamu kazi mbili tu: kuongoza vikao vya Seneti, ambako hupiga kura pale tu kura zinapolingana, na kuwa tayari kumrithi rais. Mengine yote hupewa na rais, na anachotoa rais, rais hukitwaa. Johnson mwenyewe alikuwa makamu chini ya Kennedy na alidharauliwa. Ungetegemea kwamba mtu aliyeonja dharau ile asingempa mwingine. Alimpa mara mbili yake.

Tarehe 7 Februari 1965 wapiganaji wa Vietcong, waasi wa kikomunisti wa Vietnam Kusini, walishambulia kambi ya Wamarekani huko Pleiku. Washauri wa rais wakataka Vietnam ya Kaskazini ipigwe mabomu. Humphrey alishauri wasubiri, hasa kwa kuwa waziri mkuu wa Kisovieti, Kosygin, alikuwa ziarani Hanoi. Siku chache baadaye akauandika ule waraka nilioanza nao. Johnson alichukia. Hakujibu hoja, alimwondoa mwenye hoja. Kwa karibu mwaka mzima makamu wa rais hakuitwa kwenye vikao vilivyoamua mambo ya vita. Machi 8 wanajeshi wa kwanza wa mapigano walishuka Da Nang. Mwisho wa mwaka walikuwa wamepita 180,000.

Sasa fikiria hali yake. Ni mtu anayeishi kwa kuzungumza na watu, na sasa simu hazilii. Anasikia maamuzi ya serikali yake kwa wengine. Ndipo Februari 1966 Johnson akamfungulia mlango kidogo: akamtuma Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, na nchi nyingine za Asia. Humphrey alirudi akiwa mtetezi wa vita, na si mtetezi wa shingo upande, bali wa nguvu zake zote, kama alivyofanya kila kitu. Marafiki zake wa miaka 20, walimu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, vijana waliompenda kwa ajili ya mwaka 1948, walimsikiliza wakashindwa kuamini ni yeye. Je, alibadilika kweli moyoni, au alijishawishi ili apate kurudishwa mezani? Mimi naamini alijishawishi, na mtu aliyejishawishi huongea kwa bidii kuliko aliyeshawishika.

Miezi miwili baada ya safari ile, Aprili 1966, makamu mwingine wa rais, huku kwetu, alichagua njia tofauti. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa Kenya kwa sababu hakukubaliana na mwelekeo wa serikali. Aliishia kizuizini mwaka 1969. Silinganishi watu hawa kwa wepesi, maana nchi zao na mambo yao ni mbalimbali. Ila nasema hivi: Odinga alijua kuwa kusema kunaweza kumpotezea uhuru wake, akasema. Humphrey asingefungwa na mtu yeyote. Alichokuwa anakihofia ni kupoteza kiti, na nafasi ya kukalia kiti kikubwa zaidi.

Mwanzoni mwa Januari 1968 Humphrey alifika Nairobi. Ilikuwa ziara ya nchi 9 za Afrika, kuanzia Ivory Coast hadi Tunisia, kupitia Kongo, Zambia, Ethiopia na Somalia. Kiti alichokiacha Odinga wakati huo kilikuwa kimekaliwa na Daniel arap Moi, na Moi alikikalia kwa utulivu miaka 11 mpaka ukubwa ukamjia wenyewe. Humphrey hakuwa na miaka 11. Wiki chache baada ya kurudi Washington, mashambulizi makubwa ya Vietcong, yaitwayo ya Tet, yakaitikisa Vietnam nzima, na Wamarekani waliokuwa wakiambiwa vita vinakwenda vizuri wakaona wamedanganywa.

Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza hatagombea tena. Aprili akauawa Martin Luther King, Juni akauawa Robert Kennedy, mdogo wake John, aliyekuwa naye akigombea. Humphrey, aliyetangaza kugombea mwishoni mwa Aprili, akabaki mgombea wa chama kilichojaa maombolezo. Julai alimpelekea Johnson rasimu ya msimamo wa kusitisha mabomu. Johnson aliikataa, akamwambia itahatarisha maisha ya askari, wakiwemo wakwe zake wawili waliokuwa vitani. Humphrey akaikunja rasimu.

Agosti, Chicago. Ndani ya ukumbi, pendekezo la amani lilishindwa. Nje, polisi waliwapiga vijana kwa virungu mbele ya hoteli alimofikia Humphrey, kamera za televisheni zikitazama. Gesi ya mabomu ya machozi ilipanda ghorofani mpaka chumbani kwake. Mtu aliyeingia kwenye siasa za nchi nzima kwa kuwatetea wanaopigwa alipokea uteuzi wa chama chake macho yakimwasha kwa gesi iliyorushwa dhidi ya waliokuwa wakimwomba aseme neno moja.

Alilisema tarehe 30 Septemba, akiwa Salt Lake City, kwenye televisheni. Nembo ya umakamu wa rais iliondolewa kwenye meza ya hotuba kabla hajaanza. Alisema akiwa rais atasitisha mabomu dhidi ya Vietnam ya Kaskazini kwa ajili ya amani. Ukiisoma leo, hotuba ile ni ya tahadhari mno, ina masharti kila kona. Hata hivyo ilitosha. Waliokuwa wakimzomea wakapungua, michango ikaanza kuingia, na pengo kati yake na Richard Nixon, mgombea wa Republican, lililokuwa la zaidi ya asilimia 10, likaanza kuzibika wiki hadi wiki.

Siku za mwisho zilikuwa na jambo zito. Oktoba 31 Johnson alitangaza kusitisha mabomu. Siku mbili baadaye serikali ya Vietnam Kusini ikatangaza haitakwenda kwenye mazungumzo ya amani ya Paris. Johnson alikuwa na taarifa za kijasusi kwamba watu wa kampeni ya Nixon, kupitia mwanamke aitwaye Anna Chennault, waliwashauri viongozi wa Saigon wangojee. Humphrey aliambiwa. Hakutangaza hadharani. Alinyamaza tena, na safari hii nadhani kwa sababu ya uungwana, kwa kutotaka kuitikisa nchi bila ushahidi wa kumgusa Nixon mwenyewe. Novemba 5 Nixon alishinda kwa kura kama 500,000 kati ya zaidi ya milioni 73.

Kwa desturi makamu wa rais ndiye anayeongoza kikao cha kuhesabu kura za wajumbe wa uchaguzi, yaani Humphrey angetakiwa kutangaza kushindwa kwake mwenyewe. Januari 6, 1969 hakuwepo. Alikuwa Norway, nchi ya mama yake, kwenye mazishi ya Trygve Lie, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa.

Alirudi Minnesota kufundisha, mwaka 1970 wananchi wakamrudisha Seneti, mwaka 1972 akajaribu urais kwa mara ya mwisho akashindwa ndani ya chama. Kisha ikaja saratani ya kibofu. Katika miezi yake ya mwisho alisema kwamba serikali hupimwa kwa namna inavyowatendea walio alfajiri ya maisha, yaani watoto, walio machweoni, yaani wazee, na walio kivulini, wagonjwa, wahitaji na walemavu. Alikuwa amekonda, nywele zimedhoofika, na alipigia simu watu kutoka kitandani kuwaaga. Mmoja wa aliowapigia ni Nixon, aliyekuwa amejifungia California tangu ajiuzulu kwa aibu mwaka 1974. Humphrey alimwalika mazishini.

Alifariki tarehe 13 Januari 1978, nyumbani kwake Waverly, Minnesota. Mwili wake uliwekwa chini ya kuba la Bunge, na Nixon akaja. Muriel aliteuliwa kukalia kiti chake Seneti. Mwaka huohuo serikali ya Rais Carter ilianzisha ufadhili wenye jina lake, ambao umewapeleka wataalamu wengi, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, kusoma kwa mwaka mmoja katika vyuo vikuu vya Marekani.

Nimeulizwa na rafiki kama si ukatili kumkumbuka mtu mwema kwa waraka mmoja alioufuatisha kwa ukimya. Nilimjibu kwamba sheria ya mwaka 1964 ni yake, na mamilioni wanaoingia leo katika mkahawa wowote bila kuulizwa rangi wanamdai shukrani hata kama hawamjui. Hilo halifutiki. Lakini na lile la pili ni lake. Alipouandika waraka wa Februari 1965, Wamarekani waliokuwa wamekufa Vietnam walikuwa mamia. Vita vilipokwisha walikuwa zaidi ya 58,000, na Wavietnam waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Siwezi kukuambia kwamba sauti ya makamu ingevisimamisha. Ninachojua ni kwamba haikujaribiwa hadharani.

Waraka wenyewe Humphrey aliuchapisha katika kitabu cha maisha yake. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Saigon kuanguka.